Raba Zimeamkaje?

Kazi yangu ya kwanza ya mshahara ilikuwa kuuliza kila asubuhi kama raba zimeamka salama. Sasa nikisema hivyo nacheka, lakini wakati ule sikucheka hata kidogo. Nilikuwa na suruali pana chini, iliyofagia vumbi lote la mtaa wa Bulla Pesa, nywele nilizozichana mpaka zikasimama wima, na ufunguo wa chumba cha redio ambao niliuning'iniza shingoni, nje ya shati, ili hata mwenye haraka auone. Ukinisalimia njiani nilikujibu ukishanipita. Niliona mtu mzito hapaswi kujibu papo hapo.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini. Ofisi yetu pale Isiolo ilisimamia visima virefu vilivyochimbwa huko nyikani, kuanzia upande wa Oldonyiro hadi mashariki kabisa ambako barabara huchoka ikawa njia ya ng'ombe. Kila kisima kilikuwa na injini ya dizeli, na kando yake pampu, na katikati ya hivyo viwili kitu kinachoitwa kapling. Kapling ni visahani viwili vya chuma vinavyotazamana. Kimoja kimeshikwa na injini, kingine kimeshikwa na pampu, na kati yao kuna raba nene zilizobanwa kwa bolti. Injini ikizunguka, zile raba ndizo zinazoivuta pampu nayo izunguke. Raba zikikatika, injini ni nzima, pampu ni nzima, na ng'ombe wanakufa kwa kiu.

Mkubwa wetu, mtu aliyehamishiwa kwetu kutoka sehemu za mvua, aliliona jambo hilo wiki yake ya kwanza. Wahudumu wa visima waliripoti injini na wakaripoti pampu, lakini kile kitu cha katikati hakuna aliyekitaja. Ilikuwa kama kapling ni mtoto wa jirani. "Kuanzia leo," akasema, "kapling itakuwa na mwenyewe." Mwenyewe nikawa mimi.

Akanipa redio ya mawasiliano, ile tuliyoiita redio koli, iliyokula umeme wa betri ya gari, na akaniagiza nitengeneze ubao. Nilitengeneza ubao ambao mpaka leo sijaona mwingine mzuri kama huo. Niliokota vifuniko vya mikebe ya mafuta ya kupikia, nikavipaka rangi. Kila kisima kilipata misumari yake na vifuniko vyake vitatu: kijani, maana yake kapling ni nzima, nyekundu, imekatika, manjano, haijulikani. Visima tuliviita kwa nambari, Stesheni Moja, Stesheni Mbili, na kuendelea. Kila asubuhi niliita stesheni moja moja, nikasikia hali, nikatundika kifuniko. Kisha mkubwa aliingia na kikombe chake cha chai, akasimama mbele ya ubao mikono nyuma, akatazama kama mtu anayetazama shamba lake.

Manjano ndiyo iliyoniudhi. Mkubwa akiona nyekundu alisema, "Haya, peleka fundi." Akiona manjano alinigeukia mimi. "Haijulikani kwa nini? Wewe si una mdomo?" Na manjano zilikuwa nyingi, kwa sababu saa yetu hewani ilikuwa fupi. Mawimbi yale hayakuwa yetu peke yetu. Kabla yetu walikuwepo watu wa dawa, na baada yetu watu wa mifugo, ambao hawakuwa na subira hata kidogo. Dakika yao ikifika walianza kuita juu ya sauti yako, uwe umemaliza au hujamaliza.

Na wahudumu wetu, jamani, walikuwa watu wa kusalimia.

Hapa lazima nieleze, ingawa mtu wa kwetu atasema namweleza samaki maji. Kwetu Waborana, mgeni hapokewi na habari mbaya. Ukiulizwa kama kuna amani, utajibu nagaa, yaani amani. Mifugo nagaa, watoto nagaa, nyumbani nagaa. Hata kama usiku simba ameingia zizini, ni nagaa kwanza. Mkishamaliza hayo yote, mmekaa, mmetulia, ndipo unasema, "Ila." Na ile ila ndiyo habari yenyewe. Wasomali wa mjini wana mwendo huo huo, Waturkana nao kwa namna yao, na hata mama Mmeru anayeuza viazi sokoni atakwambia biashara ni nzuri, ila hajauza tangu asubuhi. Nililelewa hivyo, nilijua hivyo. Lakini nikishavaa zile spika za masikioni nilisahau lugha ya mama yangu, nikawa mzungu wa Bulla Pesa.

Mkubwa alikuwa ameniambia, "Mimi sitaki hadithi. Nataka hali." Basi nikabuni njia yangu, na niliona fahari sana kuibuni. Niliuliza neno moja tu: "Kapling?" Mhudumu akijibu neno la kwanza, nalitwaa hilo, nasema ova, neno la redio la kufunga zamu, nahamia stesheni nyingine. Ndani ya wiki moja manjano zikaisha ubaoni. Si manjano tu, hata nyekundu zikaisha. Ubao ukawa kijani kama Meru baada ya masika.

Sikujiuliza hata mara moja ni lini kitu chochote cha Isiolo kiliwahi kuwa kizima chote kwa pamoja. Niliona ni kazi ya mikono yangu. Wageni wakaletwa kuutazama ubao, nami nikawaeleza nikishika fimbo, nikisema "mfumo" na "mawasiliano" na maneno mengine niliyoyasikia kwa mkubwa. Jioni, kwenye hoteli ya chai, nilieleza tena, bila fimbo. Watu wa Bulla Pesa walisikiliza kwa heshima, wengine kwa sababu nilikuwa nimelipia chai yao.

Kati ya wahudumu wote, aliyenisumbua zaidi ni wa Stesheni Nne, kule mashariki. Sijui niseme nini juu ya adabu ya mtu yule. Sauti yake ilikuwa ya mtu mzima, ya taratibu, na hakuwa na habari kwamba kuna kitu kinaitwa haraka. Nikiuliza kapling, alijibu, "Nzuri, nzuri kabisa, alhamdulilahi," na kabla sijasema ova alishaniuliza, "Nyumbani nagaa?" Nikijibu, "Nagaa," aliuliza, "Watoto nagaa?" Nami nikijibu, "Nagaa, ova," nikakata.

Sikuwa na watoto. Sikuwa na mke. Nyumbani ilikuwa chumba cha kupanga chenye kitanda na stovu. Lakini kila asubuhi watoto wangu walikuwa wazima, na niliwaripoti bila hata kupepesa jicho.

Kitu kingine kilichonipa uhakika juu ya Stesheni Nne ni kwamba nilisikia injini yake kwa masikio yangu. Mhudumu alipoongea, nyuma yake injini ilikuwa ikiimba, nyepesi, bila kukohoa. Stesheni nyingine injini zilikoroma kama mtu aliyebeba gunia. Mara moja nilimsifu hewani. Nikamwambia injini yako yaonekana inatunzwa, wengine waige. Akasema, "Asante, ndugu yangu, lakini—" nami nikasema ova.

Sasa nije kwa mjomba wangu. Baba alipofariki nikiwa bado mdogo, mjomba, ndugu wa mama, ndiye aliyenichukua. Aliuza mbuzi nikasoma. Aliuza ng'ombe nikasoma zaidi, mpaka nikafika mahali pa kuvaa ufunguo shingoni. Yeye mwenyewe hakuwahi kuishi mjini. Alichokuwa nacho duniani ni kundi lake la ng'ombe, na ndani ya kundi hilo alikuwemo mmoja wangu. Kwetu mtoto akizaliwa hupewa ndama jike, ndama wa kitovu, na uzao wake wote ni wa mtoto huyo. Uzao wa ndama wangu ulipanda na kushuka na ukame, mpaka akabaki jike mmoja tu, mweupe, mwenye pembe moja iliyotazama chini. Huyo ndiye niliyekuwa nimemweka kwa mahari. Nilikuwa nimeelewana na msichana mmoja wa mtaa wa Wabera, na baba yake alikubali kwamba mvua ikinyesha tutaleta ng'ombe. Kwetu mahari si ng'ombe wengi, lakini hawawezi kukosekana.

Mvua haikunyesha. Mwaka ule ulikuwa mbaya. Mizoga ilianza kuonekana kando ya barabara, na bei ya ng'ombe sokoni ikawa aibu kuitaja. Asubuhi moja mjomba akaja ofisini. Aliacha fimbo yake mlangoni, akaketi kwenye benchi la wageni, akalipanga shuka lake vizuri magotini. Nilimsalimia mbio mbio, salaamu za redio, kisha nikaagiza chai kutoka hoteli ya ng'ambo ili aone kwamba mimi ni mtu wa kuagiza chai.

Akanieleza shida yake. Ng'ombe walikuwa mtoni. Maji yalikuwepo kule, lakini nyasi zilikwisha kabisa, na ng'ombe walianza kuanguka kwa njaa. Upande wa Stesheni Nne kulikuwa kumepita manyunyu, na nyasi zimechipua. Ila kutoka mtoni mpaka kule ni safari ya kulala njiani, bila tone la maji katikati. "Wakifika na kisima kinatoa, wamepona," akasema. "Wakifika na hakitoi, hawana nguvu ya kurudi. Ni wote. Sasa wewe ndiye mwenye masikio ya huko. Stesheni Nne kukoje?"

Sikumjibu kwa mdomo. Nilichukua fimbo yangu ya wageni, nikaigusisha kifuniko cha Stesheni Nne, tik, tik. Kijani. "Nzuri, mjomba," nikasema. "Nzuri kabisa. Hata injini nimeisikia asubuhi hii."

Mjomba hakuondoka. Alikunywa chai polepole, akimaliza nikammiminia nyingine. Hakuutazama ubao, alinitazama mimi usoni, kimya, na mimi nikafikiri anamshukuru Mungu kwa mtoto aliyesoma. Nikakaza shingo kidogo ufunguo uonekane. Baadaye sana akauliza, "Hakuna lingine?"

"Lingine gani, mjomba? Hiyo ndiyo hali."

Akamaliza chai. Kisha akainuka, akachukua fimbo yake. "Basi nitawahamisha," akasema. Nikamsindikiza mpaka barabarani nikipiga mluzi.

Siku chache baadaye upepo mkali uliangusha mlingoti wa redio wa watu wa mifugo. Asubuhi hiyo, kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi, hewa ilikuwa tupu baada yetu. Hakuna aliyenifukuza. Ilipofika zamu ya Stesheni Nne nilikuwa na chai yangu, nina nafasi, nikaegemea kiti.

"Kapling?"

"Nzuri. Nzuri kabisa, alhamdulilahi. Nyumbani nagaa?"

"Nagaa."

"Watoto nagaa?"

"Nagaa."

"Wazee nagaa? Mji wa Isiolo nagaa? Mvua mmeonja?"

Nikamjibu yote, kwa raha, nikisikia kama nimerudi mbele ya boma la mjomba. Hata nikamuuliza na yeye. Kwake, nagaa. Afya, nagaa. Halafu akashusha pumzi, nikaisikia hewani.

"Ila," akasema.

"Ila nini?"

"Ila zile raba. Zilikatika tangu mwezi ulipoandama."

Niliweka kikombe chini. "Mbona hukuniambia?"

"Nimekuambia kila siku, ndugu yangu. Nikifika kwenye ila, wewe umeshaondoka."

"Na injini ninayoisikia?"

"Inaimba bure. Haivuti kitu. Naiwasha kila asubuhi ili mjue niko kazini." Akafikiri kidogo. "Wewe uliisifu."

Nikamuuliza kama kuna watu na mifugo hapo. Akasema walihama wote, amebaki yeye na ndege. Nikamwambia kuna mzee anakuja na ng'ombe kutoka mtoni, na kwa hesabu ya siku yuko njiani. Mtu yule, ambaye adabu yake ilikuwa haina mwisho, akasahau adabu. "Nani alimwambia aje?" akauliza.

Nilisimama mbele ya ubao nikatoa kile kifuniko cha kijani. Chekundu kilichokuwa nyuma yake kiling'aa kama kipya, maana hakikuwahi kutumika. Kile cha kijani kikaniponyoka, kikabingirika mpaka kwenye viatu vya mkubwa aliyekuwa anaingia. Nikamweleza. Hakunikemea. Alisema tu, "Chukua raba stoo, chukua gari, uende na dereva." Kisha akasita. "Hapana. Stoo hakuna. Nilizitoa kwenye oda ya mwaka huu. Ubao wako ulisema hazihitajiki." Angenitukana ningeona afadhali.

Dereva wetu, ambaye pia ndiye aliyekuwa fundi, akasema raba ni raba. Tukaenda Bulla Pesa kwa fundi wa akala, yule anayekata viatu kutoka tairi kuukuu za lori, chini ya kipande chake cha bati. Dereva akamchorea umbo mchangani. Fundi akauliza ni za mguu wa nani. Nikamwambia ni za pampu. Akatutazama, akatazama gari la ofisi, akaanza kukata bila kuuliza tena. Kisu kikiwa kinaingia kwenye tairi, akasema kwa kawaida tu, "Habari za visima?"

"Nzuri," nikajibu. Wallahi nilijibu hivyo. Mdomo wangu ulikuwa umezoea, ungeweza kufanya kazi ile mimi nikiwa nimelala.

Tukatoka mjini. Dereva aliendesha kama mtu anayegombana na mawe. Kila tulipopita nyayo za ng'ombe kwenye vumbi nilimwomba asimame nizitazame, na kila mara zilielekea kule kule tulikokwenda. Mwishowe akaniambia, "Keti. Ng'ombe hawasomi ubao wako, wanakwenda walikopelekwa." Nikaketi. Niliogopa kwa namna ambayo sijaogopa tena maishani, maana nilijua kabisa ni nani aliyewapeleka.

Tulifika jua likiwa juu. Kundi la mjomba lilikuwa limefika asubuhi. Waliokuwa na nguvu walisimama kando ya hori la saruji la kunyweshea, wanalamba saruji kavu. Wengine walikuwa wamelala, shingo zimenyooshwa. Mhudumu, ambaye sikuwa nimewahi kumwona uso, alikuwa mtu mfupi mwenye kofia nyeupe, na alikuwa amevingirisha pipa lake la maji ya kunywa mpaka kwa ndama, akiwanywesha kwa sufuria lake la kupikia. Dereva alikimbia moja kwa moja kwenye injini na zile akala mkononi.

Mjomba aliketi kwenye kivuli chembamba cha nyumba ya pampu. Nikamwendea. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, maneno ya kupiga magoti. Akaniona, akanipa mkono.

"Nagaa?"

"Nagaa," nikasema.

"Ofisini nagaa?"

"Nagaa."

"Mkubwa wako nagaa?"

"Nagaa." Kisha, kwa sababu ndivyo inavyokwenda, na mdomo wangu haukujua njia nyingine, nami nikauliza, "Ng'ombe nagaa?"

"Nagaa," akasema mjomba.

Nilitamani sana kusema kitu, chochote, lakini nilikaa chini vumbini kando yake na kungoja. Nadhani hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya maana niliyoifanya tangu niajiriwe. Mjomba alitazama ng'ombe wake kwa muda.

"Ila kuna wachache hawakuamka," akasema. "Na yule mweupe wako ni mmoja wao."

Alikuwa upande wa pili wa hori. Niliiona ile pembe iliyotazama chini.

"Mjomba," nikasema, "siku ile ofisini ulikaa sana. Ulikuwa unangoja nini?"

"Nilikuwa nangoja ila yako." Hakusema kwa hasira. "Nilikunywa chai ya kwanza, nikakutazama. Nikanywa ya pili. Nikakuuliza kama kuna lingine. Nikasema moyoni, huyu ni mtoto wetu, angekuwa nayo angeitoa. Halafu nikasema, labda hawa watu wa ofisi wameendelea mbele, siku hizi wana habari zisizo na ila."

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini mimi hata sikuyaficha. Niliyakatia redio.

Ndipo dereva akawasha injini. Ikaanza na ule wimbo wake mwepesi, kisha ghafla ikashuka, ikakoroma, ikatetemeka kama mtu anayeinua gunia kutoka chini. Sasa nikaelewa injini inayovuta maji inaliaje. Bomba likakohoa hewa, likatema matope, likatema maji mekundu ya kutu, kisha maji. Wale waliosimama wakaingiza midomo yote mpaka puani. Wale waliolala, baadhi waliinuka wenyewe kwa kusikia sauti tu, na wengine tuliwainua kwa mikono, sisi wanne, mkia na bega, mmoja baada ya mwingine. Kundi la mjomba lilipona, karibu lote. Nililia, na nikasingizia moshi wa dizeli. Mjomba akasema moshi ule ni mbaya kweli.

Kesho yake asubuhi mkubwa aliingia chumba cha redio mapema, akavuta kiti akaketi nyuma yangu. "Leo," akasema, "waache wamalize."

Nikaanza kuita. Sikumkatiza mtu. Nikasalimiwa, nikasalimia, watoto wangu wakaulizwa na stesheni zote. Watu wa mifugo, ambao walikuwa wamesimamisha mlingoti wao, wakaanza kupiga kelele kwamba saa yetu imekwisha, tukawaacha wapige. Na zile ila zikaja. Hapa raba moja imebaki, pale wamefunga kwa ngozi ya ng'ombe, kule upande wa Oldonyiro bolti zimekatika na mhudumu anavuta maji kwa mkono na kamba. Ubao wangu ulipata upele mwekundu mbele ya macho ya mkubwa. Alitazama mpaka mwisho, akasema, "Sasa naona hali." Akatoka kwenda kuandika oda.

Nikabaki na Stesheni Nne.

"Kapling?"

"Nzuri." Nikangoja. "Nzuri kweli," akasema. "Hizo akala zinavuta kuliko raba zenu za kiwandani. Nyumbani nagaa?"

"Nagaa."

"Watoto nagaa?"

"Nagaa," nikasema. Nilibaki nimebonyeza kile kitufe bila kukiachia. "Ila sina watoto. Sijaoa. Na ng'ombe niliyekuwa nimemweka kwa mahari ni yule mweupe, hapo kando ya hori lako."

Nikaachia. Redio ikakwaruza kwa muda.

"Ya watoto nilijua zamani," akasema. "Hakuna baba anayejibu haraka namna ile. Nilikuwa nangoja tu uniambie." Halafu akasema, polepole, kama kawaida yake, "Yule mweupe nimemchuna jana mlipoondoka. Ngozi yake nimekuanikia. Utakuja uichukue. Pole, ndugu yangu."

Sikusema ova. Yeye pia hakusema, na tulikaa hivyo hewani, kimya, huku watu wa mifugo wakituuliza kama tumemaliza.